Kilima ni cha Mungu, Barabara ni ya Serikali

Tumezoea kumtazama mtu anayepanda kilima kwa baiskeli, jua likiwaka, kana kwamba tunatazama kioja. Akiwa amefunga mitungi ya maziwa nyuma ya kiti, tunamhurumia. Akiwa amevaa nguo za kubana na kofia ngumu, tunamcheka kidogo, au tunamwonea wivu wa muda wake. Katika hali zote mbili tunakubaliana jambo moja bila kulitamka: kwamba hilo analolifanya ni lake mwenyewe. Akifika kileleni, ni nguvu za miguu yake. Akizidiwa na joto, ni uzembe wake. Akigongwa na lori, tunasema ajali haina kinga, kisha tunaendelea na safari.

Makala haya yanapinga mtazamo huo. Hoja yangu ni kwamba kuendesha baiskeli kwa burudani katika vilima, wakati wa joto, ni jambo la kisiasa kuanzia gurudumu la mbele hadi la nyuma. Mwinuko tumepewa na maumbile, na jua vivyo hivyo. Lakini muda wa kupumzika, nafasi ya kupita barabarani, kivuli, maji ya kunywa na uhakika wa kurudi nyumbani mzima ni mambo yanayoamuliwa bungeni, ofisini na juu ya meza za wahandisi. Nitaanza na Ufaransa, ambako mchezo huu una historia ndefu na yenye mafunzo, kisha nitarejea kwetu Afrika Mashariki.

Maji yaliyokatazwa

Kusini mwa Ufaransa, katika jimbo la Provence, upo mlima uitwao Ventoux, wenye urefu wa takriban mita 1,910. Kutoka kijiji cha Bédoin barabara hupanda kwa kilomita zipatazo 21. Hupita kwanza katikati ya mashamba, kisha ndani ya msitu, halafu miti hukoma ghafla na kubaki mawe meupe yanayorudisha mwako wa jua usoni pa msafiri. Kila kiangazi maelfu ya watu wa kawaida, wakiwamo walimu, mafundi na wastaafu, huupanda kwa baiskeli bila kushindania chochote. Karibu na kilele wengi wao husimama mbele ya mnara mdogo wa ukumbusho, na wengine huacha hapo chupa ya maji au kofia.

Mnara huo ni wa Tom Simpson, mtoto wa mchimba makaa ya mawe kutoka Uingereza na bingwa wa dunia wa mwaka 1965. Alianguka mahali hapo tarehe 13 Julai 1967, akiwa katika mashindano ya Tour de France, siku ambayo joto liliripotiwa kupita nyuzi 40. Alifariki akiwa na umri wa miaka 29. Uchunguzi ulikuta dawa za kusisimua mwili katika damu yake, na masimulizi mengi huishia hapo: alijitakia mwenyewe.

Ipo sehemu ya pili ya habari hii ambayo husemwa kwa sauti ya chini. Kanuni za mashindano ya zama zile zilibana maji. Kila mshindani aligawiwa chupa chache tu kwa siku nzima, wala magari ya timu hayakuwa huru kumpa kinywaji kila alipohitaji. Ndiyo maana waendeshaji wasaidizi walizoea kuvamia baa za kando ya barabara na kunyakua chochote kilichomo chupani, pombe ikiwamo. Kiu ilihesabiwa kuwa sehemu ya mtihani. Aliyeivumilia alionekana dume, na aliyelalamika alionekana dhaifu. Jua la siku hiyo halikuwa na mtungaji. Kanuni ya maji ilikuwa naye.

Ili tuone uzito wa kanuni ile, tuuangalie mwili wenyewe. Misuli ya binadamu hugeuza takriban robo tu ya nishati yake kuwa mwendo, na robo tatu zilizobaki hutoka kama joto. Mtu wa kawaida anayepanda mwinuko wa wastani kwa juhudi ya wati 200 anazalisha joto la wati zipatazo 600, sawa na balbu kumi za wati 60 zikiwaka ndani ya kifua. Joto hilo halina njia kubwa ya kutokea isipokuwa jasho linalokauka juu ya ngozi, na kuliondoa lote kunahitaji karibu lita moja ya jasho kwa saa. Katika tambarare, mwendo wa kilomita 30 kwa saa huleta upepo unaosaidia kazi hiyo. Katika mlima, mwendo hushuka hadi kilomita nane au kumi, upepo hutoweka, na mtu hubaki amezungukwa na hewa yake mwenyewe. Na pale ambapo hewa imejaa unyevu, kama Mombasa au Dar es Salaam mwezi Februari, jasho hudondoka bila kukauka, na lisipokauka halipozi kitu. Kwa hiyo nyuzi 32 za pwani zaweza kuwa mzigo mzito kuliko nyuzi 35 za Provence iliyo kavu.

Sayansi hii leo imekubalika. Tangu mwaka 2024 Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, lina utaratibu rasmi wa siku za joto kali. Hupima kwa pamoja joto, unyevu, jua na upepo, na kipimo kikizidi, waandaaji waweza kubadili saa ya kuanza, kuongeza maji njiani au kufupisha safari. Mlima Ventoux haujapungua hata mita moja tangu mwaka 1967. Kilichobadilika ni kanuni.

Gia iliyokataliwa

Mfano wa pili ni wa kale zaidi. Katika mji wa viwanda wa Saint-Étienne aliishi Paul de Vivie, aliyezaliwa mwaka 1853 na kujulikana kwa jina la kalamu la Vélocio. Mwaka 1887 alianzisha jarida la waendesha baiskeli, na kwa miongo kadhaa aliwashawishi watu wa rika zote kupanda vilima vilivyouzunguka mji wake kwa ajili ya afya na furaha. Hakuwa na haja ya ushindi. Alitaka karani na fundi waweze kuamka alfajiri ya Jumapili, wapande mpaka hewa iliyo baridi, wale chakula chao, na warudi nyumbani jioni wakiwa na akili iliyotulia. Kwa sababu hiyo alipigania gia za kubadilisha, ili mtu anapofika kwenye mwinuko apunguze uzito wa pedali badala ya kushuka na kusukuma.

Waliompinga walikuwa waandaaji wa mashindano. Henri Desgrange, mwasisi wa Tour de France, aliziona gia hizo kuwa kimbilio la wanyonge, na mashindano yake yaliendelea kuzikataza mpaka mwaka 1937. Mwenye mashindano alihitaji mateso, kwa kuwa mateso huuza magazeti, na Tour de France ilianzishwa na gazeti. Mwenye burudani alihitaji wepesi, kwa kuwa wepesi ndio unaowaalika wengi. Leo baiskeli nyingi za barabarani, ziwe za bingwa au za mzee mstaafu, hutumia kile alichokipigania Vélocio.

Nakumbusha habari hii kwa sababu fikra za Desgrange hazikufa. Zinaishi katika kila kauli inayomwambia raia kwamba ugumu ni mtihani anaopaswa kuufaulu peke yake. Na nyongeza yake ni ya kusikitisha: mtu huyu aliyevishinda vilima kwa miaka mingi alifariki mwaka 1930, akiwa na miaka 76, kwa kugongwa na tramu katika barabara ya mji wake. Kilima hakikumuua. Aliuawa barabarani, mjini.

Muda ulioporwa

Tuje sasa kwenye rasilimali iliyo adimu kuliko maji na gia, nayo ni muda. Kabla ya mwaka 1936 mfanyakazi wengi wa viwandani nchini Ufaransa waliweza kumiliki baiskeli, lakini waliitumia kwenda kazini na kurudi. Siku za kiangazi zilikuwa mali ya mwajiri. Migomo ya Mei na Juni mwaka huo, pamoja na serikali ya Léon Blum iliyoingia madarakani, ilizaa sheria mbili za mwezi Juni: likizo ya wiki mbili yenye malipo na wiki ya kazi ya saa 40. Kiangazi hicho barabara za mashambani zilijaa wafanyakazi juu ya baiskeli, wengi wao wakiwa wawili wawili kwenye baiskeli za viti viwili, hema na sufuria zimefungwa nyuma, wakipanda vilima ambavyo walikuwa wakivisikia tu. Naibu waziri wa michezo na burudani, Léo Lagrange, alidhihakiwa na wapinzani wake kwamba anaongoza wizara ya uvivu.

Dhihaka hiyo ina mafunzo. Wenye nacho hawakuchukizwa na baiskeli. Walichukizwa na mfanyakazi kuwa na siku ambayo hakuna anayemdai kitu. Baadaye Umoja wa Mataifa uliliweka wazo hilo katika Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948: kifungu cha 24 kinasema kila mtu ana haki ya kupumzika na kuwa na muda wa faragha yake. Wanasheria wetu hulikariri tamko hilo, lakini kifungu hicho hukipita haraka kana kwamba kiliingia kwa bahati mbaya.

Na tusiwasifu wenzetu kupita kiasi. Ufaransa hiyo hiyo iliyompa fundi wa Paris wiki mbili za kiangazi iliendelea kuwalazimisha Waafrika katika makoloni yake kufanya kazi, ujenzi wa barabara ukiwamo, mpaka sheria ya mwaka 1946 iliyobeba jina la Félix Houphouët-Boigny ilipoufuta utaratibu huo. Barabara ile ile iliyokuwa burudani huko ilikuwa shokoa huku. Nasi tusioelewa kwa nini barabara zetu hazina mahali pa mtu asiye na injini tuanzie hapo: zilizaliwa kwa ajili ya mizigo, kodi na askari. Uhuru ulibadilisha bendera juu ya ofisi ya ujenzi. Mchoro wa barabara ulibaki vilevile kwa muda mrefu.

Kutoka Kikuyu hadi Ventoux

Uhusiano wa mlima huo wa Provence na vilima vyetu si wa kubuni. Tarehe 14 Julai 2013 aliyeshinda kileleni Ventoux alikuwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ambaye mwaka huo alitwaa taji la kwanza kati ya mataji yake manne ya Tour de France. Alishindana kwa bendera ya Uingereza, lakini misingi ya kupanda vilima aliipata ujanani huko Kikuyu, akiendesha pamoja na David Kinjah, mwanamichezo wa Kenya aliyeifanya nyumba yake kuwa karakana na shule ya baiskeli kwa vijana wa kijijini. Kikuyu ilikuwa na kilima, mwalimu na vijana wenye ari. Haikuwa na barabara iliyomfikiria mwendesha baiskeli.

Anayetoka Nairobi kwa Waiyaki Way kuelekea Kikuyu na Limuru hupanda muda wote, na katika miezi ya Januari na Februari hupanda juani. Akiendelea mpaka ukingo wa Bonde la Ufa na kuteremka kuelekea Mai Mahiu, huiacha baridi ya mashamba ya chai na kuingia katika joto kavu la bondeni. Barabara hiyo ya mteremko ilijengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, nao waliacha kando yake kanisa dogo ambalo lipo mpaka leo. Mandhari yake yangetosha kuvuta wapanda baiskeli wa dunia nzima. Lakini anayetaka kurudi juu kwa baiskeli hukabana na malori ya masafa marefu upande mmoja na korongo upande wa pili, na katikati yake hana hata nusu mita ya kujihifadhi.

Kivuli nacho kina siasa zake. Mwezi Novemba 2020, ujenzi wa Nairobi Expressway ulipofika Waiyaki Way, mti mmoja mkubwa wa mugumo uliokuwa ukatwe uliokolewa kwa amri ya Rais. Wanaharakati walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Hata hivyo, tujiulize: nchi ambayo mti wa barabarani huhitaji amri ya Rais ili uishi ina sheria gani kwa miti isiyo mashuhuri? Tunapopanua barabara, kivuli huwa cha kwanza kuondoka na cha mwisho kukumbukwa. Mwenye gari hufunga kioo na kuwasha kiyoyozi. Anayetembea kwa miguu na anayekanyaga pedali huachiwa jua lote.

Kigali kwa wiki moja

Watawala wetu hupenda kusema kwamba haiwezekani kuipa baiskeli nafasi bila kuusimamisha uchumi. Mwezi Septemba 2025 Kigali iliwajibu. Kuanzia tarehe 21 hadi 28, mji huo wa vilima uliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Mbio kuu ya wanaume ilikuwa ya kilomita 267.5 za kupanda na kushuka, na washindani 30 tu ndio waliofika mwisho. Kwa wiki hiyo shule za jijini zilifungwa, watumishi wengi wa umma waliagizwa kufanyia kazi nyumbani, na barabara zilikabidhiwa baiskeli. Yapo maswali mazito ya kuiuliza serikali iliyoandaa sherehe hiyo, hasa kuhusu vita vya mashariki mwa Kongo, na makala mengine yatayauliza. Kwa hoja yetu ya leo latosha hili: uwezo upo. Serikali ikitaka, barabara hufunguka.

Tena Kigali ina jambo dogo zaidi lenye thamani kubwa zaidi. Tangu mwaka 2016 mji huo una siku za Jumapili ambazo baadhi ya barabara hufungwa kwa magari asubuhi, ili wakazi watembee, wakimbie na waendeshe baiskeli. Mji wa Bogotá, Colombia, umefanya hivyo tangu mwaka 1974. Kila Jumapili na sikukuu, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, zaidi ya kilomita 100 za barabara zake hukabidhiwa raia. Hakuna anayelipa kiingilio. Mtoto wa mtaa duni hupita katika barabara ile ile anayopita mtoto wa waziri, na wote hukanyaga wenyewe.

Linganisha na Bujumbura, ambako mwezi Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji ziliondolewa katikati ya jiji kwa amri. Burundi ni nchi ya wapanda baiskeli hodari kupindukia: vijana hushuka kutoka nyanda za juu wakiwa na mikungu ya ndizi iliyofungwa nyuma, na wakati wa kurudi hushika malori kwa mkono mmoja ili wavutwe mlimani. Wengi wamekufa katika kazi hiyo. Jibu la serikali lingeweza kuwa njia ya kupandia. Likawa marufuku.

Mwenye shibe na mwenye njaa

Najua pingamizi litakalotolewa, nami naliheshimu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wataniambia. Katika nchi ambayo baiskeli ni chombo cha kubebea mkaa na maziwa, kuzungumzia burudani ya vilima ni anasa ya wasomi na ya watu wenye baiskeli zinazouzwa kwa bei ya shamba.

Ni kweli kwamba burudani hii kwetu imevaa sura ya kitabaka. Lakini tazama barabarani. Muuza maziwa na mhasibu wa Jumamosi hupanda kilima kile kile, kwa mwendo unaokaribiana, chini ya jua lile lile, na lori linalowapita halibagui. Milima haikutani, wanadamu hukutana, na mahali wanapokutana wawili hawa ni kwenye ukingo wa lami uliomeguka. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba watu milioni 1.19 hufariki kila mwaka katika ajali za barabarani, tisa katika kila kumi wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na zaidi ya nusu ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Bega la barabara litakalomlinda mhasibu siku moja kwa wiki litamlinda muuza maziwa siku saba. Sijui mradi mwingine wa burudani ambao faida yake kubwa humwendea asiyekuwa na muda wa kuburudika.

Zaidi ya hayo, pingamizi hili likichunguzwa huwa na dharau ndani yake. Husema kwamba maskini anastahili barabara ya kufanyia kazi tu, na kwamba mwili wake ni wa kubebea mizigo. Yule kijana wa ndizi wa Burundi, akipewa Jumapili yenye barabara salama na baiskeli isiyo na mzigo, ni nani aliyetuambia kwamba hatapanda kilima kile kile kwa kicheko? Waliomwita Lagrange waziri wa uvivu walifikiri hivyo hivyo kuhusu mafundi wa Paris.

Yanayowezekana

Kwa kuwa baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu ni watumishi wa umma, niseme mambo yanayoweza kuingizwa katika mpango wa mwaka ujao.

La kwanza ni bega la barabara lenye lami, na fedha zikiwa chache lianzie upande wa kupanda. Sababu ni ya kihandisi. Katika mteremko mwendo wa baiskeli hukaribia ule wa magari, lakini katika mwinuko mwendesha baiskeli huenda kilomita nane kwa saa huku lori likimjia nyuma kwa 50. Tofauti hiyo ya mwendo ndiyo inayoua. Mita moja na nusu ya lami kwa urefu wa mwinuko peke yake yaweza kuokoa maisha mengi kwa gharama ndogo.

La pili ni sheria ya umbali. Nchini Ufaransa dereva anayempita mwendesha baiskeli nje ya mji lazima aache mita 1.5, na mjini mita moja. Vibao katika barabara nyingi za milimani humjulisha mwendesha baiskeli mwinuko wa kila kilomita, na humkumbusha dereva kwamba hayuko peke yake. Kibao hakihitaji mkopo wa kimataifa.

La tatu ni miti na maji. Mkataba wa kupanua barabara useme idadi ya miti itakayopandwa na nani ataitunza mpaka itoe kivuli. Vituo vya mabasi vilivyopo kileleni na chini ya vilima vipewe bomba la maji safi. Atakayekunywa hapo mara nyingi zaidi ni mwanafunzi anayetembea, wala si mwendesha baiskeli.

La nne ni muda wa barabara. Kila mji wenye manispaa uchague barabara moja, kwa Jumapili moja ya mwezi, saa za asubuhi kabla ya jua kali. Halihitaji saruji wala lami, bali amri, vizuizi na askari wachache.

La tano ni kutekeleza yaliyokwisha kuandikwa. Kaunti ya Nairobi ilipitisha mwaka 2015 sera ya usafiri usiotumia injini, iliyoahidi kuutengea asilimia 20 ya bajeti ya barabara. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti aichukue sera hiyo, afungue bajeti za miaka iliyofuata, na apige hesabu. Mwanaharakati aichukue hesabu hiyo na kuipeleka kwenye kikao cha wananchi cha bajeti, ambacho Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imewapa raia haki ya kushiriki.

Kwa wanaopanda vilima wenyewe, nao wana wajibu wao. Waondoke alfajiri na kurudi kabla ya saa nne. Wanywe kidogo kidogo kabla kiu haijawashika, na safari ikiwa ndefu wachanganye maji na chumvi kidogo na sukari, kwa kuwa maji matupu kwa wingi yana hatari yake. Anayeacha kutoka jasho, anayetetemeka juani au anayeanza kusema maneno yasiyoeleweka ashushwe, awekwe kivulini, amwagiwe maji na apelekwe hospitali mara moja. Na wakikutana na aliyebeba mitungi ya maziwa, wamsalimu, kwa maana katika suala la barabara wao na yeye ni chama kimoja, ingawa bado hawajaandikishana.

Vijana wataendelea kuvipanda vilima hivi kwa hali yoyote, kwa kazi au kwa raha, kwa baiskeli za Phoenix au kwa baiskeli nyepesi za bei mbaya. Joto linaongezeka, na malori hayapungui. Mchoro wa barabara inayofuata pengine uko mezani kwa mmoja wenu wakati huu mnaposoma. Kabla hajautia sahihi, na autafute mwinuko mkali kuliko yote katika karatasi hiyo, kisha apime kwa rula nafasi iliyobaki kati ya mstari mweupe na ukingo wa lami.